Watu Wawili Kwenye Picha ya Lambo

Mpaka leo mtu akiniambia picha imekataa kuingia kwenye tovuti kwa sababu ni kubwa mno, damu inanichemka. Namwuliza kwanza: uliipunguza, au uliikata?

Ilikuwa miaka ile mashirika yalipochipuka Korogwe kama uyoga, kila moja na kibao chake barabarani na mfadhili wake Ulaya. Nilikuwa mchapaji katika mojawapo, ofisi ya vyumba viwili pale Manundu, kompyuta moja, intaneti ya kupitia waya wa simu. Shirika lilitoa saruji kwa ajili ya lambo la kukinga maji ya mvua kijijini kwetu Kwaluguru. Kuchimba walichimba kina mama, kiangazi kizima. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na viganja vilimchubuka hadi akawa anashika mwiko kwa kitambaa.

Siku ya uzinduzi walipigwa picha: kina mama kumi na wanane, na katikati yao mkurugenzi wetu na mgeni wa wafadhili aliyeshika koleo jipya lisilo na hata chembe ya udongo. Mama alisimama mwisho kabisa, kushoto, na jembe lake.

“Mwanangu, hiyo picha itafika Ulaya?”

“Itafika, mama.”

“Na mimi nimo?”

“Umo.” Nilimwahidi kwa kinywa changu.

Nikaipitisha kwenye skana, likatoka faili la megabaiti nne. Kwa simu yetu ile, maharage yangeiva kabla halijafunguka. Fundi wa tovuti alikuwa ametuagiza picha isizidi kilobaiti sitini, na njia nilikuwa naijua: unatunza ile ya mwanzo, unafanyia kazi nakala, unapunguza upana wake ulingane na ukurasa, kisha unashusha ubora kidogo kidogo huku ukizitazama nyuso. Zikianza kuingia madoa, unarudi hatua moja. Kazi ya robo saa tu.

Hiyo robo saa sikupewa. Mkurugenzi alivuta kiti, akakamata kipanya, akakata kushoto, akakata kulia, wakabaki yeye na mgeni.

“Imepungua,” akasema, akairusha kwenye tovuti hivyo hivyo.

“Mzee, uzito hautolewi kwa kukata watu. Niachie nikuonyeshe.”

“Wewe chapa barua.”

Nikachapa barua. Sijajisamehe.

Wiki iliyofuata mama akatokea ofisini bila taarifa, na wenzake wawili, wamejifunga kanga mpya. Walikuja kujiona. Nikafungua ukurasa. Picha ilishuka mstari kwa mstari: anga, kofia ya mgeni, tabasamu la mkurugenzi, koleo. Ikaishia hapo. Mama aliendelea kukodolea macho ule weupe wa pembeni.

“Bado inakuja?” akauliza.

Mkurugenzi akatoka chumbani kwake, mpole kupita kiasi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Msitufikirie vibaya. Kompyuta haikuwa na nafasi ya watu wote.”

Uongo mtupu! Tena anamwambia mama yangu, mbele ya kompyuta ninayoifanyia kazi kila siku. Nikafungua faili la mwanzo nililokuwa nimelitunza, nikatoa nakala, nikapunguza upana, nikashusha ubora hadi asilimia sabini. Nyuso zikabaki safi zote, na jembe la mama likaonekana vizuri. Kilobaiti hamsini na mbili. Ile yake ilikuwa mia tatu na kitu, kwa sababu ubora hakuugusa kabisa.

Nikazisoma namba zote mbili kwa sauti. “Mzee, hii ya watu ishirini ni nyepesi kuliko yako ya watu wawili.”

“Kumbe nafasi ilikuwepo,” mama akasema taratibu.

Mkurugenzi akadai wafadhili wameshaiona ile ya kwanza, haifai kubadilishwa. Pale ofisini nenosiri la tovuti alikuwa nalo yeye peke yake. Haikubadilishwa.

Mvua zilipopita, lambo likajaa tope. Tukaenda Kwaluguru, mkurugenzi kuwahimiza kina mama warudi kuchimba, mimi na daftari la mahudhurio. Alihutubia sana. Alipomaliza, mama akasimama.

“Waje wachimbe wale wawili wa kwenye picha,” akasema, akaketi.

Wenzake hawakuinuka kushika majembe. Mkurugenzi akanigeukia, akaniambia niandike majina ya waliojitolea. Nikalifunga daftari, nikaenda kukaa kando ya mama.