Nataka Kuifunga Blogu Niliyomwandikia Kaka, Ila Mama Anasubiri Jibu

Dada mwenye ukurasa, jina langu lifiche na ofisi yangu usiitaje, maana Mtwara ni ndogo, ukikohoa Shangani wanakupa pole Magomeni. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, ni karani kwa wakala mmoja wa mizigo hapa bandarini. Mdomo ninao, wanaonijua wanajua, lakini hili limenifunga mdomo wiki ya sita sasa.

Nilikuwa na kaka mmoja tu. Mwishoni mwa miaka ya tisini aliondoka kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, hakuaga mtu. Wiki hiyohiyo tukasikia mtumbwi umezama kule mto unapoingia baharini, wengine wamepatikana, wengine hawakuonekana. Alikuwamo? Hakuna aliyejua. Mama akasema mwanawe hasomewi hitima kwa uvumi, na mimi nikamuunga mkono.

Kompyuta zilipoingia ofisini nikafungua blogu. Wenzangu walidhani naandika umbea wa mjini. Kumbe kila nilichoandika, nani kaolewa kijijini kwetu Nanyamba, mikorosho imechanua vipi, mama leo kachemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nilikuwa namwandikia kaka. Nilijiambia huko aliko iko siku atakaa mbele ya kompyuta. Miaka miwili bila jibu nilikonda, nikawa nalia juu ya sahani.

Wazee wa ukoo wakachoka. Mjomba akasema, "Mnamnyima mtoto dua. Kama kafa anaihitaji, kama yu hai haimdhuru." Mama akakubali shingo upande. Siku ikapangwa, mchele ukachambuliwa, mbuzi akafungwa uani. Zimebaki siku mbili, nafungua blogu nakuta maoni ya mtu asiye na jina: "Dada, huwa nakusoma. Niko salama. Iko siku nitarudi, msalimie mama."

Jamani! Nilipiga yowe ofisi nzima ikasimama. Siku hiyohiyo nikapanda gari hadi Nanyamba. Hitima ikafutwa, mbuzi akaliwa kwa shukrani, mama akacheza uani na mjomba akamwomba radhi mbele ya watu. Tangu hapo maoni yalikuja kila baada ya wiki mbili tatu. Nikawa nayachapa kwenye karatasi, Ijumaa nampelekea mama na kumsomea, maana yeye kusoma hajui.

Sasa sikieni. Mimi nina kovu kidevuni. Mume wangu aliponiuliza wakati wa uchumba, nilimwambia kaka alidondoka mkoroshoni akaniangukia. Uongo mtupu. Kwetu korosho huokotwa chini, mtoto akipanda kutikisa mti anakula fimbo. Nilipanda mimi, nikadondoka mimi, kaka akamwambia baba kapanda yeye akaniangukia, akachapwa yeye. Ukweli tulikuwa nao wawili tu.

Wiki sita zilizopita yakaja maoni haya: "Dada, nisamehe kwa siku ile niliyodondoka mkoroshoni nikakuumiza kidevu."

Nilisoma mara nne. Kaka yangu aniombe radhi kwa fimbo alizokula kwa ajili yangu? Baba alishafariki. Mama kompyuta haijui. Anayeujua uongo ule na anayejua kuandika kwenye mtandao ni mmoja tu, na ninalala naye kitanda kimoja.

Mume wangu ni mwalimu. Nilimkuta anasahihisha madaftari, nikamwambia, "Ni wewe." Wala hakubisha. Akaweka kalamu chini. "Ulikuwa huli, mke wangu. Ile hitima niliona tutakuzika wewe. Nilidhani nitaandika mara moja tu."

"Na mama yangu je?"

Akaichukua tena kalamu, akarudi kwenye madaftari.

Mtu aliyenidanganya ili nile, nimchukie vipi? Namchukia, halafu nampakulia ugali. Ameapa hataandika tena, na kweli hajaandika.

Balaa ni mama. Yuko kitandani, miguu imevimba, hospitali wametuambia tumuuguzie nyumbani. Chumba cha kaka anataka kifagiliwe kila asubuhi. Niliamua blogu naifunga, ukweli namwambia, na hitima isomwe naye akiitikia amina kwa mdomo wake. Nikaenda na maneno yangu nimeyapanga. Akanishika mkono.

"Leo huna karatasi? Basi mwandikie hivi: asirudi kwa mtumbwi, apite barabarani. Na kule kuondoka bila kuaga, mwambie nilishamsamehe."

Nikaandika kama alivyosema.

Ijumaa iliyofuata akauliza, "Kajibu?" Nikasema mtandao mbovu. Ijumaa nyingine, "Kajibu?" Nikasema bado. Akageukia ukutani, akagoma kula. Siku tatu mama yangu alikataa uji, vilevile nilivyokuwa nakataa mimi.

Basi nilikaa kwenye kiti changu cha ofisini, nikafungua blogu yangu mwenyewe, nikaandika kwenye maoni bila jina: "Mama, nimesikia. Nitapita barabarani." Nikachapa, nikapanda gari siku hiyohiyo bila kungoja Ijumaa, nikamsomea. Akacheka, akanywa uji bakuli zima.

Wallahi najichukia. Mume wangu nilimtukana matusi yote ninayoyajua, na alichokifanya nimekifanya mimi. Nikiifunga blogu, namuua kaka mbele ya mama. Nisipoifunga, kaka anaendelea kukosa dua yake, na mama atafumba macho akisikilizia hodi ya mtu ambaye moyoni najua alizama zamani.

Jana kanituma tena. Anataka kujua atafika lini, ili ming'oko ichemshwe mapema. Ijumaa ni keshokutwa. Nitukaneni kwanza mkitaka, halafu mnishauri, jamani: niende na karatasi, au niende na ukweli?