Mgunduzi na Bakteria Wake

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni daktari wa sokwe, na ukimwona anavyotembea utadhani sokwe aliwaumba yeye. Tumbo mbele, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na mfuko wa juu umejaa kalamu ambazo sijawahi kumwona akiandika nazo. Tunafanya kazi kituo kimoja cha kutunzia sokwe, yeye kwenye mabanda, mimi maabara. Wafanyakazi wamempa jina la Mgunduzi. Yeye anadhani wanamheshimu.

Tangu akiwa chuoni ana ndoto moja tu: kumpata bakteria ambaye hakuna anayemjua, na bakteria huyo aitwe kwa jina lake. Kutibu hakumo. Kutibu kunamchosha. Sokwe akiharisha, Mgunduzi hajisumbui kuuliza amekula nini. Atakuja maabara mbio, kikopo cha kinyesi mkononi, macho yamemtoka. "Shemeji, otesha upesi, hiki ni kitu kipya!" Naotesha, sioni kitu. Mnyama kala embe bovu tu. Basi atanuna mpaka jioni, utafikiri sokwe kamtukana mama yake.

Halafu ana mtindo wake anaojivunia kuliko hata cheti chake. Kila asubuhi hupita banda moja baada ya jingine, anashusha barakoa, anabandika uso kwenye wavu na kumpulizia kila sokwe pumzi puani. "Wananijua kwa pumzi," huwaambia wageni, kifua kimemvimba. Sisi wengine tukishusha barakoa hata kujikuna pua tunakaripiwa kama watoto. Na sheria ya barakoa aliitunga yeye mwenyewe.

Kikohozi kilipoingia kituoni kilianza na dume kubwa la banda la kwanza. Likakohoa, likasusa chakula, likafa. Likafuata jike lililokuwa likinyonyesha. Nilipima mapafu ya wote wawili na kukuta jambo lilelile: bakteria wa nimonia, huyuhuyu anayewalaza binadamu hospitalini tangu enzi za babu zetu. Nikampelekea Mgunduzi majibu. Aliyatazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

"Huyu ni mpita njia," akasema. "Muuaji mwenyewe kajificha nyuma yake. Endelea kutafuta."

"Daktari, huyu mpita njia ana dawa. Na Kidege ameanza kukohoa."

Kidege alikuwa mtoto wa lile jike lililokufa. Tulimtenga kwenye chumba kidogo chenye taa ya joto, amekumbatia blanketi, mbavu zinaingia na kutoka kwa shida. Mama mmoja mfanyakazi, anayewalisha sokwe wadogo, alimshikia chupa ya maziwa kila mara, naye aligeuza uso.

"Asipewe dawa yoyote," akasema Mgunduzi. "Mkimpa dawa mtaniulia bakteria wangu kabla hajaota. Tumjue kwanza, ndipo tutibu."

Bakteria wangu! Nilikimbilia kwa meneja. Huyo naye hawezi kutofautisha sokwe na nyani hata umwekee mmoja kila goti. Akanijibu kwamba daktari akishasema, kasema. Nikarudi mikono mitupu.

Mgunduzi akaanza msako. Akataka maji ya bomba, udongo wa uani, maganda ya ndizi, mavi ya panya. Akataka vijiti vya pamba vipitishwe kwenye koo za wafanyakazi wote, mpaka mlinzi wa getini, mzee wa watu, ambaye hajawahi kuwakaribia sokwe kwa sababu anawaogopa. Koo zote isipokuwa ya kwake. Nilipomkumbusha alicheka. "Mimi ndiye mchunguzi, shemeji. Mchunguzi anachunguzwa na nani?"

Anachunguzwa na mkewe. Dada yangu anafundisha darasa la kwanza, kutwa anakoholewa usoni na watoto, na nyumba yao nzima ilikuwa imetoka kuugua kifua. Niliwakuta mezani wanakunywa chai. Nikamweleza dada habari za Kidege, nikatoa kijiti.

"Baba watoto, fungua mdomo," akasema dada.

"Lakini mama, mimi ni daktari..."

"Ndiyo maana nakuomba kwa upole. Fungua. Sema aaa."

Bwana mkubwa akasema aaa.

Bakteria haharakishwi. Wakati nikingoja waote kwenye sahani za maabara, Kidege aliacha hata kugeuza uso. Chupa ilipokuja alitazama tu. Walipoota nililinganisha vinasaba vyao na vya wale wa mapafuni. Ukoo mmoja, hakuna tofauti hata ya kusingizia. Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Ametoka kooni kwako," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyewapulizia."

Nikasema moyoni, leo walau ataona aibu. Kumbe nimemkadiria makubwa. Mgunduzi akaanza kutabasamu.

"Ametoka kwangu? Kwangu mimi? Sasa nani atabisha asiitwe kwa jina langu?"

"Jina analo tayari. Ni yuleyule wa nimonia. Kajaa tele darasani kwa mkeo."

Tabasamu likamfia mdomoni. Akashika tama, na machozi yakaanza kumtoka. Mtu huyu dume lilipokufa hakulia. Mtoto alipobanduliwa kwenye kifua cha mama yake aliyeshapoa, hakulia, alikuwa akipiga kelele kwamba vikopo vya sampuli vimechelewa. Sasa analia, kamasi zinamchuruzika mpaka kwenye koti la pasi.

"Angalia tena, shemeji. Hata tofauti ndogo?"

Sikuwa na mate ya kumharibia. Nilifungua kabati la dawa, nikachukua nilichokitaka, nikatoka. Mama mlishaji alikuwa amempakata Kidege kwenye blanketi, kichwa kimelegea begani kwake. Alikuwa bado anapumua. Nikavuta dawa kwenye sindano, nikatafuta paja.

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Mgunduzi alisimama pale, macho mekundu, kijiti cha pamba mkononi.

"Shemeji, ngoja kidogo," akasema. "Kabla hujamchoma, nichukulie hiki kimoja tu. Huenda kwa huyu yupo mwingine."

Nikachoma.