Dada wa Nyumbani

Mke wangu alipopooza upande wa kulia, mtu wa kwanza kufika nyumbani kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini, alikuwa dada yangu anayenifuata kuzaliwa. Alitoka kijijini kwake Michenga kwa bodaboda, beseni jipya mapajani, na ndani yake kanga kuukuu alizokuwa amezifua na kuzikunja kwa ajili ya mgonjwa. Sikumwita. Alisikia tu habari, akaja. Hakusema atakaa siku ngapi, nami sikumuuliza. Alivua ndala mlangoni, akaingia chumbani, akasimama juu ya kitanda mkono kiunoni.

"Wifi, kwa hiyo umeamua kulala mchana kweupe ili mimi ndiye nipike?"

Mke wangu, ambaye tangu atoke hospitali hakuwa ametoa hata tabasamu, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wawili hao walikuwa mawifi wa utani mkali tangu ujana wetu. Dada yangu akimwogesha humwambia, "Geuka huko, mzito kama gunia la mpunga mbichi. Kaka yangu alikuwa anakulisha nini?" Mke wangu naye, kwa ulimi wake mzito, hujibu neno moja moja: "Kaka yako... bahili." Wanacheka mpaka maji yanamwagika sakafuni. Mimi niko nje nasikia yote, najifanya nimeudhika.

Waliotoa wazo la malipo ni wanangu. Binti yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Baba, shangazi ni mjane na kazi ile ni nzito. Tungemleta msichana tusiyemjua si tungemlipa? Kwa nini tusimpe yeye?" Lilikuwa wazo la haki, na hadi leo naliona la haki. Nimewasikia watu wakisema pesa ndiyo inayoharibu undugu. Kwetu haikuwa pesa. Nilikuwa mimi.

Pesa ziliingia kwenye simu yangu, nikaenda kwa wakala kuzitoa, nikampa. Mwezi wa kwanza nilizifunga kwenye karatasi nikamwambia kwa Kindamba, lugha tunayozungumza sisi wawili, kwamba watoto wamekumbuka sabuni yake. Alizipokea kwa mikono miwili huku akitazama pembeni. "Wangemnunulia mama yao maziwa," alisema. Lakini alifurahi, niliona.

Kabla sijastaafu nilikuwa karani wa ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na vibarua walikuwa chini yangu. Sijui kama hiyo ndiyo sababu au ni kisingizio cha mzee. Ninachojua ni kwamba miezi michache baadaye ulimi wangu ulikuwa umebadilika. Sikuzungumzia sabuni tena, nilisema, "Mshahara umeingia." Uji wa mgonjwa ukichelewa nilitazama saa ya ukutani, na nilihakikisha ananiona nikiitazama. Siku moja nilipitisha kidole juu ya kabati nikamwonyesha vumbi. Alikitazama kidole, akalitazama kabati, akaenda kuchukua kitambaa.

Kisha mpunga wake wa huko Michenga ulianza kutia maziwa. Alinifuata uani nikiwa nasikiliza redio.

"Kaka, ndege wameshuka bondeni. Naomba nikaamie, mpunga ukikauka narudi."

Mtu wa Kilombero haelezwi maana ya maneno hayo. Wakati huo mwenye shamba huhamia shambani, akakaa juu ya dungu la miti tangu alfajiri, akipiga debe na kupaza sauti, maana kundi moja la kwelea kwelea linaweza kumaliza jasho la msimu mzima kabla jua halijawa kali. Mimi na yeye tulikulia juu ya dungu la baba. Nilijua kabisa alichokuwa anakiomba.

"Na mgonjwa nimwachie nani?" nilimjibu. "Wewe unalipwa, dada. Subiri mwezi uishe, tutaangalia suala la ruhusa."

Ruhusa! Nilimtamkia neno hilo mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Alimpigia jirani yake wa Michenga akamwomba amtazamie shamba. Jirani naye alikuwa na shamba lake la kuamia, na ndege hawakungoja mwezi wangu uishe.

Katika wiki hiyohiyo watu wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja kusali na mgonjwa. Walikuja na mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyehamia mtaani kwetu karibuni, mtu wa maneno yaliyonyooka na viatu safi. Baada ya sala tuliketi sebuleni. Dada yangu alikuwa ametoka kufua mashuka ya mgonjwa. Kanga imelowa magotini, miguu peku, akaingia na soda kwenye sinia.

"Na huyu mama ni nani?" mwalimu aliniuliza.

"Dada," nilisema.

Hapo nilikuwa bado sijasema uongo.

"Dada wa nyumbani?"

Kila mtu mjini anajua maana ya swali hilo. Siku hizi msichana wa kazi haitwi mtumishi, anaitwa dada, na anayetaka kuwa na adabu zaidi humwita dada wa nyumbani. Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha, na niliiona wazi. Lakini nilikuwa nimeshasikia maneno ya mtaani, kwamba mzee yule anamfulisha dada yake wa tumbo moja kwa mshahara. Niliona haya mwalimu yule asikie hivyo. Basi, ili nisionekane mtu anayemfanya dada yake mtumishi, nilimfanya mtumishi.

"Ndiyo," nilisema. "Tunamlipa kila mwezi."

"Mna bahati kupata mtu mzima. Hawa wasichana anakaa wiki mbili, ya tatu kakimbia na simu yako. Mmemtoa wapi?"

"Huko Michenga."

"Kazi anaiweza?"

"Anaiweza."

Mzee mmoja wa jumuiya, anayetufahamu tangu zamani, aliinamia rozari yake kana kwamba imemponyoka. Dada yangu alikuwa bado ameshika sinia. "Karibuni soda," alisema. Mwalimu akamshukuru, akaongeza, "Dada, tuletee na kifungulio." Akaenda, akakileta, akampa kwa mikono miwili.

Asubuhi yake aliniamkia kama kawaida, ila si kwa Kindamba.

"Shikamoo, bosi."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Tangu siku hiyo hakunisemesha kwa lugha yetu. Chakula changu alikifunika mezani, chake akakila jikoni juu ya kigoda. Akitaka kwenda dukani aliomba ruhusa, kwa neno lilelile nililomfundisha. Kazi aliifanya vizuri, mgonjwa hakupata kidonda hata kimoja. Vicheko vya chumbani havikuisha, ila nilipotokeza mlangoni vilikatika.

Mke wangu ndiye aliyeniuliza. "Wifi yangu... umemfanya nini?" Alinitazama, kisha akageuzia uso ukutani, upande pekee anaoweza kugeukia bila msaada.

Mwezi ulipoisha dada yangu alikuja sebuleni ameshavaa gauni la safari. Nilikuwa nimeshika pesa zake. Alizipokea kwa mkono mmoja, kama mtu anayerudishiwa chenji.

"Nimekuja kuaga, bosi. Mtafute mwingine."

"Dada, kaa chini kwanza. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umedanganya? Si nilikuwa nalipwa kweli?"

"Nilimjibu vibaya yule mwalimu."

"Hukumjibu vibaya." Alikuwa akifunga pesa kwenye pindo la kanga, taratibu, hanitazami. "Ungesema dada yangu. Hiyo 'yangu' tu. Ilikuwa nzito kiasi gani, kaka?"

Aliingia chumbani kumuaga wifi yake. Sikusikia utani safari hii, nilisikia mtu akilia, na hata sikuweza kujua ni yupi kati yao.

Sasa namuuguza mke wangu mwenyewe, na asubuhi huja mama mmoja wa jirani kunisaidia kumwogesha. Tunamlipa, na hakuna tatizo lolote, kwa sababu kwake sikuwa na undugu wa kuuvunja. Nimejifunza kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega. Nimejifunza kwamba mashuka yale hayatakati kwa maji ya mara moja. Ninapoyasuuza namkumbuka dada yangu alivyoinama hapo hapo, nami kivulini na redio yangu, na naona aibu inayonifanya nitazame huku na huku, ingawa uani hamna mtu.

Alikuja tena baada ya mavuno. Alibisha hodi. Katika nyumba hii hakuwahi kubisha hodi, alikuwa akianza kuzungumza tangu barabarani. Alikuwa amevaa vizuri, ameleta perege wabichi, mche wa sabuni na mchele kidogo. Nilipouona ule mchele nilijua ni mwingi kwa kilichosalia shambani kwake. Alikaa na wifi yake chumbani mchana mzima. Nilimsikia akisema, "Mwanamke umenenepa! Kumbe mimi ndiye nilikuwa nakukondesha?" Mke wangu alicheka hadi akakohoa, na mimi nilisimama jikoni na sufuria ya uji mkononi, sithubutu kuingia.

Alipotoka nilimwekea kiti barazani. Alikaa ukingoni, mkoba mapajani, akaniambia kwa Kiswahili safi kile wanachotuambia watu wote wanaokuja kumwona mgonjwa:

"Pole kwa kuuguza."

Ndugu hasemi hivyo. Ndugu anauguza pamoja nawe, hana wa kumpa pole. Hayo ni maneno ya watu wa nje wanapoiachia nyumba mzigo wake, na aliyasema kwa upole, bila kejeli.

"Asante," nilisema. "Tumeshapoa."

Kisha nikanyanyuka kumsindikiza hadi barabarani.