Mama Wembe Anayechonga Penseli Getini Luzira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti la shule moja ya msingi huku Luzira, Kampala, liko nusu wazi na foleni imeshafika kwenye kibanda cha chapati. Watoto wana mifuko mgongoni na penseli mkononi. Mbele yao, kwenye kigoda, ameketi mwanamke mpana mwenye sare ya kijani na kofia iliyopauka kwa jua. Mkononi ameshika wembe.

"Umeamukaje?" anamuuliza wa kwanza huku akipokea penseli yake.

"Nimeamuka vizuri, Mama Wembe."

"Umepita njia gani?"

Mtoto anaeleza. Wembe unapita mara tano au sita, maganda yanadondoka kwenye beseni lililo kati ya miguu ya mama, na penseli inarudi kwa mwenyewe ikiwa na ncha. Mfuko unafunguliwa, unatazamwa, unafungwa. Anaitwa anayefuata.

Jina lake ni Filda Atoo. Ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka tisa amekuwa askari wa geti hili. Jina la Mama Wembe alipewa na watoto, naye hakulikataa.

"Iko wenzangu wanaitwa Mama Kiboko," anasema. "Mimi nimepona."

Anayepita barabarani anaweza kudhani shule imeajiri mchonga penseli. Kazi ya Atoo ni upekuzi. Penseli zilimjia baadaye, kwa sababu ya kosa ambalo wakubwa walilifanya kwa nia njema kabisa.

Mzazi yeyote aliyesoma Uganda anaikumbuka orodha ya vitu vya kuleta shuleni mwanzo wa muhula: jembe, ufagio, karatasi za choo, fyekeo la kukatia nyasi, ambalo hapa kila mtu huliita slasha, na pakiti ya nyembe za kuchongea penseli. Mtoto wa miaka minane alikatiza mji na slasha begani na hakuna aliyegeuza shingo. Aliyerudishwa nyumbani ni yule aliyekuja mikono mitupu.

Atoo naye alibeba slasha. Alikulia katika kambi ya polisi ya Naguru, binti wa koplo kutoka Lira, na Kiswahili chake ni cha kambini humo. "Slasha yangu ilikuwa kubwa kuliko mimi," anasema. "Baba alikuwa ananoa Jumapili, ili Jumatatu mwalimu asikasirike."

Kisha hofu ikabadilika sura. Baada ya mabomu ya mwaka 2010, kila mlango wa maana Kampala uliwekewa mtu wa kupekua. Atoo alisimama miaka mitano mlangoni mwa duka moja Kabalagala, akitia mkono katika mikoba ya watu waliokuja kununua mkate. Alipohamia shuleni alidhani amepumzika na mambo ya kushuku watu.

Haikuwa hivyo. Simu za wazazi zilianza kujaa video za mashambulizi katika shule za nchi za mbali na uvumi wa shule za jirani, na miaka miwili iliyopita kamati ya wazazi ikapiga marufuku kitu chochote chenye ncha. Ilikuwa shule ileile, na baadhi ya wazazi hao waliwahi kuileta slasha yao kwa geti hilohilo.

Wiki ya kwanza ya marufuku, Atoo alikusanya nyembe mia moja na sitini, bikari thelathini, manati mbili, bisibisi na uma wa kulia chakula. Wiki ya pili walimu wakaja juu. Watoto mia nne na kumi na wawili hawakuwa na penseli ya kuandikia, maana vile vichongeo vya plastiki vya dukani huvunja risasi ya ndani ya penseli kabla ncha haijatoka.

"Kichongeo hiyo inakula penseli kama mbuzi," anasema Atoo. "Nikasema, banange, nyembe ninazo mia na zaidi. Si nikae nichonge mimi?"

Akakaa. Siku hizi huchonga penseli sitini hivi kila asubuhi, na maganda huenda nayo nyumbani kuwashia sigiri. Anakiri kwamba faida kubwa hakuitarajia. Mtoto anayesubiri penseli yake hawezi kukimbia, na mtoto asiyeweza kukimbia huongea.

Kiunoni mwake bado kinaning'inia kifaa chake cha zamani, cheusi, cha kupekulia chuma. Betri yake ilikufa mwaka juzi. Mwalimu mkuu anajua, kamati ilikuja kujua baadaye, na Atoo anaruhusu jambo hilo liandikwe. "Watoto ndio hawajui," anasema. "Na hao hawasomi gazeti."

Kitu chenye hatari zaidi katika kazi yake kimekuwa kopo la biskuti. Humo huweka kila anachochukua. Hatupi kitu, wala hampeleki mtoto mbele ya wenzake kuaibishwa. Kila kitu hukifunga kipande cha boksi kwa uzi, na kuandika jina, tarehe na sababu kwa maneno ya mtoto mwenyewe: nilitaka kumenya muwa, kaka aliweka, nilikuwa naandika jina kwa dawati. Mzazi huja kuchukua, wanaongea, yanaisha.

Hayakuisha mwezi Machi mwaka huu.

Asubuhi hiyo ilifika zamu ya msichana wa darasa la tano, mwenye miaka kumi na mmoja. Tutamwita Hasifa, si jina lake halisi. Kwa kawaida Hasifa hutaja kila jiwe aliloruka njiani. Siku hiyo alipoulizwa njia, alijibu, "Ya kawaida," akatazama chini.

"Nikajua iko kitu," anasema Atoo. "Huyu mutoto hana kawaida."

Alipompekua, ndani ya soksi kulikuwa na spoku, ule waya mnyoofu wa gurudumu la baiskeli. Ulikuwa umesuguliwa jiweni mpaka ukawa na ncha ya sindano, na upande wa kushikia umefungwa kitambaa vizuri, kazi ya siku kadhaa. Atoo alimketisha kando ya kigoda, akamalizia foleni, kisha akamuuliza ni ya kumchoma nani.

Ilikuwa ya mbwa. Njia ya mkato ya Hasifa hupita kando ya reli, nyuma ya kuta za nyumba mpya za ziwani, na alfajiri mbwa wa nyumba hizo hufunguliwa wanyooshe miguu. Mmoja alikuwa ameshamrarulia sketi. Mama yake hutoka saa kumi alfajiri kwenda Port Bell kununua mukene, wale dagaa wa ziwani, na binti hakumwambia. Alijua mama angeacha biashara ili amsindikize.

Atoo aliandika kwenye boksi jina la Hasifa na maneno mawili, "Spoku. Mbwa." Jioni hiyo akamweleza mwalimu mkuu, Madamu Acen, na wakakubaliana kumwita mama taratibu.

Hawakuwahi. Kesho yake mzazi mmoja alikuja kuchukua bikari ya mwanawe, akaiona spoku ndani ya kopo, boksi lake la jina limelala kifudifudi, akaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kufika saa sita mchana spoku moja imekuwa visu vitano. Jioni shule ilikuwa na genge. Maji yalizidi unga, na kikao kikaitwa Jumamosi kwa mambo mawili: mwenye spoku afukuzwe, na geti likabidhiwe kampuni yenye mashine, kwa kuwa huyu mama anaficha silaha.

Mshahara wa Atoo ni shilingi laki tatu kwa mwezi. Ndio unaomnunulia dawa ya sukari mumewe, Okwera, askari magereza mstaafu. Hata hivyo anasema usingizi ulimpaa kwa sababu nyingine.

"Mimi nitapata geti ingine, hata ya baa," anasema. "Naye mutoto akifukuzwa kwa sababu ya silaha, shule gani itamupokea? Hiyo neno inamufuata mpaka uzee."

Siku ya kikao, wazazi sabini walibanana kwenye madawati ya darasa la saba, magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Khaemba, Mkenya wa Bungoma mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mkubwa wa sauti na wa mwili. Alitaka jina la mwenye spoku, na alilitaka palepale.

Atoo aliweka kopo juu ya meza, akalifungua.

"Jina nitasoma," alisema. "Lakini kwa hii kopo hapana mutu moja. Iko thelathini na saba, kila kitu na mwenyewe. Nitasoma kutoka juu mpaka chini, sitaruka mutu. Nianze?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu waliokuwa wakipiga kelele walianza kukumbuka bisibisi iliyopotea nyumbani na manati walizozichonga wenyewe.

Khaemba ndiye aliyekaa karibu na meza. Juu kabisa ya kopo aliona bastola nyeusi ya plastiki, na kwenye boksi lake jina la mwanawe. Leo anaisimulia mwenyewe, na hajifichi.

"Hiyo bastola nilinunua mimi, Krismasi," anasema. "Niliona ni mchezo. Sasa ya kwangu iwe mchezo, ya mwingine iwe silaha? Nilimwambia, mama, funga kopo."

Atoo alifunga. Kisha, bila kutaja jina, akaeleza habari ya reli, ya mbwa na ya sketi iliyoraruka. Mzazi mmoja akasema watoto wake pia wanapita huko na wamekataa kusema kwa nini huchelewa. Mwingine akasema hivyo hivyo. Halafu, kwenye dawati la nyuma, mwanamke mwenye harufu ya samaki kwenye kanga yake akasimama.

"Hiyo sketi nilishona mimi," alisema. "Aliniambia imeshikwa na waya. Ni mtoto wangu."

Hakuna aliyedai tena mtu afukuzwe. Atoo anasema alilia hadharani, na haoni aibu kusema hivyo.

Wiki iliyofuata, Khaemba na wazazi wawili walibisha hodi kwenye mageti ya nyumba za ziwani moja baada ya jingine. Nyumba mbili ziliwajibu vibaya, ila mwishowe zote zilikubali kufunga mbwa mpaka saa mbili asubuhi. Watoto wa upande wa reli sasa huja pamoja na mtu mzima, kwa zamu. Jumanne ni ya Khaemba.

Leo ni Jumanne. Anatokea kwenye kona akihema, amezungukwa na watoto kumi na watatu, shati limeshika mgongo. Hasifa yuko mbele.

"Umepita njia gani?" Atoo anamuuliza, wembe ukiwa kazini.

"Ya reli. Tumeona ng'ombe, na treni imesimama, na dada mmoja ameangusha nyanya zote. Naye baba Khaemba anatembea polepole sana."

"Pole, muzee," Atoo anamwambia Khaemba.

"Hii ni mazoezi, mama. Daktari alisema nitembee," anajibu, na kuegemea geti.

Si kila mzazi ameridhika. Wapo wanaosema askari anapaswa kupekua, si kupiga soga, na Atoo anakubali kwamba siku moja anaweza kukosea. Kamati imemnunulia kifaa kipya chenye betri, ambacho hulia kwa kila kifungo cha mkanda. Suala la kampuni litaamuliwa mwisho wa mwaka, na mpaka hapo mkataba wake ni wa muhula kwa muhula. Madamu Acen anasema atamtetea. "Hiyo kampuni ikileta mtu anayejua watoto mia nne kwa majina, tutazungumza," anasema mwalimu huyo.

Kopo limepungua. Asubuhi hii lina vitu tisa tu, na chini kabisa bado imelala spoku, kitambaa na vyote. Mama yake Hasifa aliitwa kuichukua, akaitazama kidogo, akasema ibaki.

Ndiyo maana Atoo hataki kuondoka kwanza. Baada ya mwaka huu anahitaji miaka miwili mingine kwenye geti hili, kwa sababu miaka miwili ndiyo imebaki kabla Hasifa hajamaliza darasa la saba.

"Siku ya mutihani wa mwisho nitamupatia yeye mwenyewe, mama yake akiwa hapo," anasema, akipangusa wembe kwenye sketi yake ya sare. "Nataka aishike. Aone ni spoku tu ya baiskeli. Acheke."

Kisha ananyoosha mkono kwa penseli inayofuata.