Kaka Aliyewaitikia Wanaume Tu

Kaka yangu aliporudi kutoka vita vya Burma, wanaume wote wa kijijini walimpenda, na sisi wanawake wa nyumbani kwake tulitamani kumpiga mwiko wa kichwa. Miye hasa. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, na mdomo wangu haukuwa na kufuli. Nikimwambia, "Shikamoo kaka, uji tayari," anapita zake. Lakini baba yetu mdogo akipita njiani na kuita tu, "Bwana wee!", kaka huyoo, kainuka, anacheka, anatoa mkono. Nilikuwa nawaka moto.

Tulikaa upande wa Chole, Kisarawe, nyumba ya udongo katikati ya mihogo na mikorosho. Kaka alikwenda vitani mkewe akiwa mjamzito, na aliporudi alimkuta mtoto wa kike anakimbia uwanjani. Wifi yangu alikuwa amemfundisha mtoto tangu ajue kusema: siku baba akija, utamwambia shikamoo baba. Mtoto akasema. Akasema asubuhi, akasema jioni, marahaba haikutoka. Mwishowe akawa akimwona baba yake anampitia mbali, kama mtu anayekwepa siafu. Hilo lilimuuma wifi kuliko yote. "Anidharau miye, sawa," alikuwa akisema, "mtoto kamkosea nini?"

Na kaka mwenyewe hakutulia. Akikaa, lazima mgongo uguse ukuta na macho yaelekee njiani. Anakaa kidogo, anainuka, anaizunguka nyumba, anageuka kutazama nyuma, anarudi kukaa. Kutwa nzima. Nasi akatuambukiza. Mama anaanza kutwanga, anauacha mchi ndani ya kinu, anakwenda kuchungulia. Miye nafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Hata kuku nadhani walichoka na sisi.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wanaume walisema, "Mwacheni, kaona makubwa huko." Jirani akasema kaacha mwanamke Bara Hindi, moyo umebaki kule. Mama akamwita mganga wa pepo, naye akasema ni jini wa baharini, alimpanda melini. Haya, ngoma ikapigwa. Basi kaka alikaa katikati ya ngoma ametulia tuli, viganja vyake kavibandika chini, anatikisa kichwa kufuata mapigo, uso umekunjuka kabisa. Mama akalia kwa furaha: "Mwanangu kapona!" Kulipokucha akamsabahi, naye akampita kama kiguzo. Wallahi, siku ile nilimchukia.

Halafu ikaja siku ya jino. Kaka alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe, kainama, mgongo kaupa mlango kwa sababu alihitaji mwanga. Wifi akatoka na kata ya maji. Akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ya kuudhika. Hakuna jibu. Akamshika bega. Kaka aligeuka na kiwiko, kikampata wifi mdomoni, jino likatoka pale pale. Kuona damu, kaka akaketi chini, akajishika kichwa. Lakini nani alikuwa na muda wa kumtazama yeye? Wifi alitema damu, akafunga khanga yake kiunoni, akatuma habari kwao Kwala: njooni mnichukue.

Wakaja. Mama yake, na mjomba wake ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Walikuja kumchukua binti yao na mjukuu wao, hawakuficha. Mama akaona ndoa inakwenda na maji, akamwita mtani wetu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kinyamwezi aliyekuja pwani na mumewe kukata mkonge, mume akafa, yeye akabaki. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kukaa juu ya kitanda cha maiti akadai sigara, na ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Mama alimwita angalau acheke na watu, maneno yasiwe makali.

Mikeka ikatandikwa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mjomba akauliza, "Bwana, umempiga mkeo?" Kaka akajibu kwa adabu, "Nimempiga, mzee. Nimekosa." "Unamtaka au humtaki?" "Namtaka." Mjomba akatazamana na baba mdogo, kama wanaoambiana, mbona kijana hana neno? Miye nilikuwa nasaga meno. Kumbe kusema anajua!

Kisha mama mkwe akataka kusema. Kwetu mkwe ni mkwe. Humtazami usoni; unainamisha kichwa, macho kwenye mkeka, na yeye naye anajiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Kaka akainama vizuri kabisa, kama alivyofundwa. Mama mkwe akauliza, polepole, "Baba, mwanangu kakukosea nini hata unamnyamazia hivi?"

Kaka akazidi kuinama.

Akauliza tena, na sauti ikaanza kupasuka. Kaka anatazama mkeka. Mama yangu akasema kwa kunong'ona, "Mjibu, baba, mjibu mama yako." Hakuna. Mjomba akainuka, akavaa viatu. "Yatosha. Binti, beba mzigo wako." Wifi alikuwa amekwisha kuubeba, na mtoto yuko mgongoni.

Hapo yule mtani akapita katikati ya mikeka, anakanyaga nguo za watu. "Hivi Mzaramo huyu kafa na hamjanipa hata sanda?" Akamkamata kaka kidevu, akakiinua juu. Astaghafirullah! Wanawake wakapiga kelele. Na bado: akamfuata mama mkwe, akaivuta ile khanga, mdomo ukawa wazi. "Msemeshe sasa. Na weye askari, mtazame!" Mpaka leo sijui kama alikuwa amekwisha kushuku jambo au ulikuwa utani wake tu. Nilimuuliza, akanitukana.

Mama mkwe, kwa mshituko tu, akarudia, "Mwanangu kakukosea nini?"

Kaka aliutazama ule mdomo. "Hajanikosea, mama," akasema. "Ni miye nisiyesikia."

"Husikii vipi na unamjibu mjomba?" Huyo ni miye, nimerukia bila ya kuulizwa. Hakugeuka. Mtani akamgeuza kichwa kwangu, nikarudia.

Akatueleza. Alikuwa karibu na mizinga muda mrefu. Masikio yalivuma, halafu yakatulia, naye akadhani yamepona, kwa kuwa kambini na melini wote ni wanaume, na sauti nene zilimfikia, ingawa kama za mtu aliye ndani ya pipa. "Niliporudi mkanipokea kwa vigelegele," akasema. "Niliona ndimi zinacheza midomoni. Sikusikia kitu. Hapo ndipo nilipojua."

Mama akauliza, akimshika uso, "Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnafurahi kwamba nimerudi mzima."

Ya hospitali yalikuja baadaye. Daktari alimchungulia masikio, akasema kilichokufa ndani hakifufuki, ila tujue namna ya kuishi naye: tumwendee kwa mbele, tusimguse kwa nyuma, tupige mguu sakafuni kabla ya kuingia. Mama na yule mtani wakawa wanatembea nyumba kwa nyumba, popote aliporudi askari, wanamwambia mkewe, "Kabla hujamwita mganga, simama nyuma yake umwite. Kisha simama mbele." Kuna nyumba walifukuzwa. Kuna nyumba waliitwa tena.

Lakini mchana ule hatukuwa na daktari. Tulikuwa na mjomba aliyevaa viatu, na wifi amesimama na mzigo kichwani. Mjomba akamwambia, "Uamuzi ni wako, mama." Wifi akaja mbele ya kaka, mdomo umevimba, akasema taratibu ili auone kila neno: "Ulijua. Ukaniacha nidhani unanichukia. Usiku na mchana nilijiuliza nimefanya nini." Akalia. Nami nikalia, hasira yangu yote haina pa kwenda.

Kaka hakujitetea. Alikuwa anamtazama mtoto aliyechungulia begani kwa mama yake.

"Huyu," akasema, "sauti yake ikoje?"

Utaielezaje sauti? Wifi akatua mzigo. Akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani kwa baba yake, akauchukua mkono wa kaka, akaubandika kifuani kwa mtoto.

"Msalimie baba," akamwambia. "Kwa nguvu."

Mtoto akapiga shikamoo hata kuku wakakimbia. Kaka akakaa na kile kiganja pale kifuani, macho kayafumba, halafu akasema marahaba, na akamwomba aseme tena.