Maman wa Bukavu alivyonifundisha kola, kibarua changu kikiwa mbioni kuota nyasi

Wakuu, salamu kutoka Joburg. Najua humu chai ni nyingi, ila hii imenitokea mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Nashona sare za shule kwenye karakana moja hapa Doornfontein.

Mwaka jana oda zilikata ghafla. Bosi akatuita, akasema wengine itabidi waondoke. Na utaratibu wa hapa unajulikana: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka.

Wa mwisho ni nani? Mimi!

Na kibali changu cha kuishi huku kimeshikwa na kazi hiyo hiyo. Ikiisha, narudi Tanga mikono mitupu.

Sasa kuna mama wa Bukavu, kule Kongo, tunamwita Maman Chantal, mkongwe kuliko wote hapo kazini. Akamwambia bosi, "Usifukuze mutu. Tugawane siku."

Yaani kila mtu apunguziwe siku, na zile za kukaa nyumbani mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira utufidie sehemu ya mshahara. Kumbe yale makato tunayoyalalamikia yana kazi yake! Hata sisi wageni wenye vibali tumo.

Bosi akakuna kichwa. Kwetu kila fundi ana kipande chake: huyu mikono, yule mifuko, Maman kola. Na hakuna anayemfundisha mwenzake, maana kipande chako ndiyo kinga yako. Maman asipokuja, shati haliishi.

Tukigawana siku, lazima kila kipande kipate mtu wa pili. Nani aanze? Kila mtu macho kwenye cherehani yake.

Maman akavuta kiti. "Weye, ikala hapa. Nikufundishe kola."

Eish! Yaani mtu pekee ambaye bosi asingethubutu kumgusa ndiye aliyeitoa kinga yake kwanza.

Niliharibu kola weee, zikatoka kama masikio ya mbuzi. Akawa anazifumua tu (matusi ya Kifaransa nilikula, sikatai). Wengine wakaona haya, nao wakaanza kufundishana.

Tulijibana kweli. Malipo ya mfuko yalichelewa, tukanung'unika, lakini yalikuja. Shule zilipokaribia kufunguliwa oda zikarudi, na sisi tukarudi siku zote. Hajaondoka hata mmoja.

Hapa kati nikamuuliza Maman kwa nini alinichagua mimi, mgeni kuliko wote.

Akacheka. "Sasa weye ukienda, miye nitasema Kiswahili na nani humu?"

Nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Machozi, wakuu.

Nilichojifunza: kazini kwenu wakitaja kupunguza watu, ulizeni kwanza habari ya kugawana siku. Ila itabidi mtu mmoja akubali kuachia kipande chake. Sisi tulimpata, Mungu ampe maisha marefu.

Nyie wenzangu mlioko ughaibuni, nani alikushika mkono kazini? Mwageni hapa chini.