Namba Aliyoibeba Sijaona Kichwani

Saa tatu asubuhi, barabara ya kusini imefunguliwa tena baada ya mapigano. Sijaona anaingia kwenye duka la dawa la mtaa wa Musaga, anaweka mkoba chini, wala hakai. Foleni imefika nje. Mbele kabisa yupo Mzee Massoudi, mgonjwa wa sukari, aliyekimbia nyumba yake na kuacha cheti cha daktari huko huko.

Kipimo chake cha insulini kimo kwenye hifadhidata ya ghala, karibu na bandari, na kompyuta ya Musaga haiifikii. Simu zimekatika. Antena ya redio juu ya paa, inayoiunganisha kompyuta na ghala, ingali nzima.

"Dada Sijaona, mi siwezi kubahatisha," anasema Jovithe, muuza dawa. "Nikikosea, mutu anakufa."

Sijaona, fundi wa kompyuta wa kampuni yenye duka hili na ghala, mzaliwa wa mtaa wa Bwiza, anajua tatizo, na linamuuma kwa sababu ni lake. Watu wasiojulikana walikuwa wakijaribu kuingia kwa mlango wa kawaida wa hifadhidata, yaani namba ambayo kompyuta hupitia kuifikia, na ambayo kila fundi anaijua. Juzi akauhamishia kwenye namba nyingine. Alifanya kama wenye maduka wa kwao tangu vita ianze mwaka 1993: mlango wa mbele hufungwa, na mteja anayeaminika huambiwa kwa mdomo apite wapi. Namba hakuiandika popote. Alipanga kuja Musaga jioni ile ile aiweke mwenyewe, lakini risasi zikamtangulia.

Anafungua mipangilio ya pilote, kiprogramu kinachoiunganisha kompyuta ya duka na hifadhidata. Anaandika namba mpya, anajaribu. Kimya.

"Apana, haitanishinda," anasema, na kuanza upya.

Safari hii anaiona: alama ndogo inayoiacha pilote itafute mlango yenyewe. Ikiwepo, namba aliyoandika haisomwi kabisa. Anaiondoa. Jina la Massoudi linatokea kwenye kioo, na kipimo chake kando.

"Alhamdulillahi," anasema mzee, na sasa anakubali kuketi.

Sijaona hafurahii bado. "Kama ningepigwa risasi pale njiani, we ungefungua na nini?" anamuuliza Jovithe. Anataka kila duka la kampuni liwe na mtu wa pili anayeijua kazi hii, na hataki kungoja vita iishe.

Foleni inapokwisha, anamnong'oneza Jovithe namba sikioni. Kisha anafuta mipangilio yote aliyoiweka, anainuka na kumwachia kiti.

"Sasa weka we," anamwambia. "Kesho barabara inaweza kufungwa."